Pedali ya Dilei Isipimwe kwa Milisekunde

Ndugu Mhariri,

Mtu anayetafuta pedali ya dilei (kisanduku cha kukanyaga kinachorudia sauti ya gitaa kama mwangwi) ya bei nafuu ili gitaa lake livume, mwangwi ujirudie, ukue na hatimaye ugeuke mlio usiokatika, huanza kwa kusoma namba moja kwenye boksi: inachelewesha mwangwi hadi milisekunde ngapi? Wauzaji wanalijua hilo, ndiyo maana namba hiyo huchapwa kwa maandishi makubwa. Hata kurasa za muziki hupanga pedali kwa kuifuata, yenye 1000 juu na yenye 300 mkiani. Kwa kazi nyingine ni sawa. Kwa kazi ya kuvumisha, namba hiyo haikuambii unachotaka kujua, na anayeifuata hujikuta na pedali yenye mwangwi mrefu na safi ambao hata kitufe cha marudio kikizungushwa mpaka mwisho unafifia tu, kama redio iliyoishiwa betri.

Tutenganishe kwanza mambo mawili yanayobeba jina moja, fidibeki, yaani sauti kurudi ilikotoka na kukuzwa tena. Kuna fidibeki ya gitaa na amplifaya: sauti ya spika inautikisa uzi, pikapu inaunasa mtikisiko, amplifaya inaukuza, spika inautikisa uzi tena. Hiyo haihitaji dilei. Inahitaji sauti kubwa au distosheni (sauti iliyochafuliwa kwa makusudi) ya kutosha, na mpigaji awe tayari kusogea mbele na nyuma ya spika, kwa maana umbali huo una sehemu kubwa katika kuamua noti ipi itashika. Dilei huja kusaidia baadaye, kwa kuibakiza noti iliyokwisha kushika hata mkono ukifunika nyuzi. Anayetaka hii pekee aziweke fedha zake kwenye ovadraivu, pedali ya distosheni laini.

Fidibeki ya pili hutokea ndani ya pedali yenyewe, na ndiyo tunayoizungumzia.

Dilei ya kawaida ina nobu tatu, yaani vile vitufe vya kuzungusha. Ya muda huandikwa Time au Delay. Ya kiasi cha mwangwi huandikwa Level, Mix, Blend au Echo. Ya marudio, ambayo ndiyo roho ya kazi hii, huandikwa Feedback, Repeat au Regen. Boss DM-2 ya mwaka 1981 iliiita Intensity, huku nobu yake ya muda ikiitwa Repeat Rate, kwa hiyo anayeikuta iliyotumika asizichanganye.

Nobu ya marudio huamua ni kiasi gani cha mwangwi uliotoka kinarudishwa mlangoni kuanza upya. Ukirudishwa nusu, kila mwangwi ni nusu ya uliotangulia. Baada ya duru 5 umebaki 1/32, umekwisha. Ukirudishwa 0.9, zinahitajika duru 22 hivi kushuka hadi sehemu moja ya kumi. Ukirudishwa wote, yaani 1 kamili, haufi wala haukui. Ukivuka hapo, tuseme 1.1, unaongezeka asilimia 10 kila duru, na baada ya duru 24 umekuwa mara 10 ya ulivyoanza. Pedali imeanza kujivumisha. Mvumo utaacha kukua pale tu sakiti itakapoishiwa volti na mawimbi kuanza kukatwa vilele.

Hesabu hiyo ndiyo inayoonyesha kwa nini muda mrefu si sifa. Duru 24 za milisekunde 100 huchukua sekunde 2.4. Duru hizo hizo kwa milisekunde 600 huchukua zaidi ya sekunde 14, na wimbo umekwisha hama. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, baa mbili za mapigo manne ni sekunde 4. Ili mvumo upande mara 10 ndani ya baa hizo, dilei iwe milisekunde 166 au pungufu. Kazi nyingi ya kuvumisha hufanyika kati ya milisekunde 80 na 300, na hapo hata pedali ya chini kabisa kwenye rafu inafika.

Maswali ya kuuliza dukani basi ni mawili. Je, nobu ya marudio inavuka 1? Na nobu ya muda ikizungushwa wakati mwangwi uko ndani, sauti inafanya nini?

Jibu la swali la pili liko kwenye aina ya chipu. Mwaka 1969 wahandisi wa Philips, F. Sangster na K. Teer, walibuni sakiti inayopokezana chaji ya umeme kutoka kapasita (kifaa kidogo cha kuhifadhi chaji) moja hadi nyingine, kama watu waliojipanga kutoka kisimani wakipokezana ndoo. Saa ya ndani ndiyo inayopiga mwendo. Hii ndiyo dilei ya analogi ya kweli. Chipu maarufu ya MN3005 ina hatua 4096 na mtengenezaji aliiandikia kati ya milisekunde 20.48 na 204.8. Ukitaka hatua hizo 4096 zikupe milisekunde 300, saa lazima ishushwe hadi mapigo 6,800 hivi kwa sekunde, na sauti yoyote iliyo juu ya hezi 3,400 lazima ichujwe isije ikagongana na saa. Ndiyo maana mwangwi wa analogi una giza. Wapenda usafi hulalamika, lakini kwa mvumo giza hilo ni neema: kila duru inapita kwenye filta ile ile. Sauti inayopungua desibeli 1 tu kwa duru imepungua desibeli 20 baada ya duru 20, hivyo makali yote hufa na kinachobaki ni mlio mnene wa katikati, unaosikika kama kitu kinachoimba. Ukipiga mvumo huo juu ya bendi nzima, sauti ya mwimbaji bado inasikika.

Kundi la pili limejaa kwenye bei za chini, na linahitaji maelezo kidogo kwa sababu kwenye boksi huandikwa "analogi" pia. Ndani yake kuna chipu PT2399 ya Princeton Technology, inayogeuza sauti kuwa tarakimu, kuihifadhi kwenye kumbukumbu ya kilobiti 44, kisha kuirudisha kuwa sauti. Kitaalamu ni dijitali. Hatuoni sababu ya kuikimbia, maana filta zinazoizunguka ni za analogi, na saa yake hubadilishwa kwa rezista moja, kwa hiyo mikononi hujiendesha karibu sawa na ile ya ndoo. Kasoro yake iko kwenye kurefushwa. Jedwali la mtengenezaji linaishia milisekunde 342, ambako upotoshaji umefika asilimia 1. Pedali ndogo zinazotangaza 600 au zaidi, mfano Joyo JF-33 inayoandikwa milisekunde 25 hadi 600 au Donner Yellow Fall ya 20 hadi 620, usizinunue kwa sababu ya robo ya mwisho ya nobu. Huko ndiko chipu ya aina hii inapoanza kuchakacha, na kwenye marudio makubwa mchakacho nao unarudishwa na kukuzwa. Behringer VD400 inayoishia 300 haikunyimi chochote kwa kazi hii.

Katika makundi haya mawili, nobu ya muda ni ala ya pili ya muziki. Sauti iliyo ndani ilirekodiwa kwa mwendo mmoja wa saa; ukizungusha, inatoka kwa mwendo mwingine. Kutoka milisekunde 400 kwenda 200 inapanda oktava moja. Kutoka 200 kurudi 400 inashuka oktava moja. Tena ikishapanda inabaki huko juu kwa sababu inarudi ndani na kutoka kwa mwendo huo mpya, mpaka utakapoirudisha. Sauti za king'ora na za kitu kinachoanguka kutoka angani ambazo wengi wanazitafuta hutoka hapa, wala hakuna haja ya pedali nyingine kuzipata.

Dijitali kamili, mtindo ulioingia kwenye pedali ndogo na Boss DD-2 mwaka 1983, ina tabia nyingi kadiri ya programu iliyomo. Nyingine hufuata saa na kupandisha sauti. Nyingine, ukizungusha muda, hufifisha mwangwi wa zamani na kuleta mpya bila kupinda sauti hata kidogo. Nyingine hutoa mikwaruzo ya ngazi kwa ngazi. Marudio nayo wakati mwingine yamefungiwa chini kidogo ya 1 na mtengenezaji, ili mnunuzi asishtuke. Na pale yanapofika 1, kama hakuna filta njiani, kila duru ni nakala halisi: makali hayafi, yanarundikana, na baada ya muda mfupi masikio yanaomba msamaha. Wingi wa modi haukusaidii isipokuwa moja iwe ya kuiga dilei ya tepu au ya analogi, na hiyo ijaribiwe kwa masikio, isiaminiwe kwa jina.

Jaribio lenyewe linachukua dakika tano. Amplifaya iwe safi, sauti chini, nusu ya ile unayozoea. Kiasi cha mwangwi kiweke nusu ya mzunguko, muda robo, marudio nusu. Piga noti moja fupi kisha funika nyuzi kwa kiganja. Ongeza marudio polepole, huku ukipiga tena noti fupi, mpaka upate mahali ambapo mwangwi haufi wala haukui. Angalia nobu imefika wapi. Ikiwa robo tatu ya mzunguko, umepata kifaa kizuri: kuna nafasi chini ya hapo kwa mwangwi wa kawaida na nafasi juu kwa mvumo. Ikiwa mwangwi unakua tangu pale nusu ulipoanzia, pedali itakusumbua kwenye nyimbo tulivu, kwani mguso mdogo wa nobu unaamsha kelele. Ikiwa imefika mwisho na mwangwi bado unafifia, rudisha pedali kwenye boksi.

Ukishavuka, acha mvumo ukue kidogo na uzungushe muda taratibu kwenda na kurudi. Sikiliza kama mteremko ni laini. Kisha rudisha marudio chini ya pale ulipopata 1 na uhesabu sekunde hadi utulivu urudi. Kama nobu ina usikivu mzuri, unaweza kuubembeleza mvumo kati ya kukua na kufa kwa kidole kimoja. Hatimaye chomoa gitaa, peleka marudio juu kabisa. Pedali inayovuka 1 kwelikweli itaanza kuvuma kutokana na kelele yake yenyewe ya ndani, bila noti yoyote.

Usiondoke kabla ya kujaribu swichi ya mguu. Kuna pedali ambazo zikizimwa hukata kila kitu papo hapo, na kuna zinazoacha mwangwi umalizikie. Hizi za pili zinasifiwa sana, na kwa mwangwi wa kawaida zinastahili. Kwa mvumo zina mtego: kama marudio yako juu ya 1, mwangwi haumaliziki kamwe, na mpigaji anakanyaga swichi mara tatu jukwaani akidhani imekufa. Zinazokata papo hapo huzaa mbinu nzuri, mvumo kupanda hadi kilele na kukatika ghafla kwenye pigo la kwanza la baa. Zenye swichi ndogo ya kuchagua kati ya tabia hizo mbili ni bora kuliko zote.

Umeme. Pedali nyingi za aina hii hutaka volti 9 za mkondo mnyofu (DC), plagi ya milimita 5.5 kwa 2.1 yenye hasi katikati. Adapta yenye chanya katikati au ya mkondo geu (AC) wa volti 9 huingia kwenye tundu lile lile bila kulalamika, kisha diodi ya ulinzi inaungua, ikiwa mtengenezaji aliiweka. Soma adapta kabla ya kuchomeka. Analogi ya ndoo hula mkondo mdogo, dijitali hula zaidi, na betri ya kawaida ya volti 9 ina miliampia-saa 500 hivi, kwa hiyo pedali inayokula miliampia 65 haikufikishi saa 8. Betri ikichoka, PT2399 haishuki kwa adabu: inaendeshwa na volti 5 kupitia regyuleta ambayo kwa kawaida huhitaji karibu volti 7 upande wa kuingilia, na chini ya hapo mwangwi unakatikakatika na hatimaye kutoweka, huku sauti ya gitaa ikiendelea kama kawaida. Wengi hudhani pedali imeharibika.

Kuna tatizo moja zaidi la umeme ambalo halisikiki dukani. Ukiunganisha dilei na pedali nyingine za dijitali kwenye waya mmoja wa adapta moja, mlio mwembamba wa saa zao hupenya. Kwenye mwangwi wa duru tatu hauusikii. Ukivuka 1, mlio huo unarudishwa na kukuzwa pamoja na gitaa, na mvumo wako unakuwa na mbu ndani yake. Dilei ipewe adapta yake, au tundu lililotengwa kwenye kigawa umeme.

Kwenye mstari wa pedali, distosheni itangulie na dilei ifuate, ili kila mwangwi uwe nakala ya sauti iliyokwisha kuchafuliwa. Ukigeuza, yaani dilei iingie kwenye distosheni, mwangwi wote na gitaa hupondwa pamoja kuwa ukuta mmoja. Si kosa. Kwa mvumo una faida ya kuzuia sauti isipande zaidi ya dari ya distosheni, lakini noti mpya unazopiga zinazama. Hasara ya mpangilio wa kwanza ni ukubwa wa sauti. Gitaa hutoa sehemu ndogo ya volti, wakati pedali ya volti 9 inaweza kutoa volti mbili au tatu kabla ya kukatwa, kwa hiyo mvumo uliokomaa unaweza kuwa mara kumi ya sauti ya noti iliyouanzisha. Pedali ya kupandisha na kushusha sauti iwekwe baada ya dilei, kamwe isiwe kabla: ikiwa kabla unafunga mlango wakati mwizi yuko ndani. Kwa masikio, kipimo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda kwa nusu. Kwenye 100 umebakiwa na dakika 15. Chumba kidogo cha mazoezi hufika hapo bila mtu kutambua.

Pedali ya analogi iliyotumika isiyovuka 1 si lazima iwe imekufa. Potenshiometa, yaani rezista inayozungushwa na nobu, hutofautiana hadi asilimia 20 kutoka thamani iliyoandikwa, na ndani ya pedali nyingi za ndoo kuna trima, skrubu ndogo ya kurekebisha kiwango cha juu cha marudio. Weka alama ya kalamu ilipo kwanza, zungusha kwa kadiri ya upana wa alama hiyo, jaribu, rudia. Hatari ni kukosea trima: nyingine iliyo karibu na chipu huweka volti ya kuegemea ya ndoo, na ukiigusa mwangwi unapasuka au kunyamaza kabisa. Bila mchoro wa sakiti usifungue. Kwenye PT2399 tatizo jingine hutokea wakati wa kuwasha: nobu ya muda ikiwa chini kabisa na hakuna rezista ya kuilinda, chipu huweza kukwama na kutotoa mwangwi. Zima, peleka muda katikati, washa tena. Fundi huliondoa kabisa kwa kuongeza rezista ya kiloomu 1 au 2 mfululizo na nobu hiyo. Muda mfupi kabisa unaongezeka kidogo, hakuna atakayeutambua.

Na aliyekwisha nunua dijitali inayogoma kuvuka? Mixa yoyote yenye tokeo la msaidizi, lile la kupeleka sauti kwenye vifaa vya nje, inamwokoa. Peleka tokeo hilo kwenye pedali, rudisha pedali kwenye chaneli yake ya pekee, kisha fungua polepole msaidizi wa chaneli hiyo hiyo, ili mwangwi urudi ndani ya pedali kupitia mixa. Sasa nobu ya marudio ni ile ya mixa, na nobu za toni za chaneli ni filta yako: punguza za juu, mvumo unapata lile giza la analogi. Sharti moja, kiasi cha mwangwi kwenye pedali kiwe mwisho kabisa, bila sauti kavu, yaani ile inayopita bila kucheleweshwa. Sauti kavu ikipita nayo, inazunguka bila dilei yoyote, na badala ya mvumo unaokua unapata ukelele mkali mara moja, kabla mkono haujafika kwenye nobu. Pedali isiyoweza kuiondoa sauti kavu haifai kwa njia hii.

Ni sisi,
Wapiga gitaa na mafundi wa sakiti za pedali